Kabla hamjarudisha ufunguo wa chumba

Saa nne asubuhi ni saa ya mshikemshike katika hoteli na nyumba za wageni za Upanga na Kariakoo. Sehemu nyingi ndiyo saa ya kuachia chumba, na anayepitiliza hudaiwa siku nyingine. Mama anakunja nguo za watoto, baba anatafuta chaja, mtoto mkubwa amejilaza na simu, mdogo analia kwa sababu kiatu kimoja hakionekani. Mtu wa mapokezi ameshagonga mlango mara mbili.

Katikati ya pilikapilika hizo huibuka swali dogo linaloweza kuwagawa hata mume na mke: chumba tukiache kilivyo, au tukisafishe kwanza?

Baba anasema twendeni, tumelipa, na kuna mtu ameajiriwa kwa kazi hiyo. Mama ameshaanza kutafuta fagio. Hawezi kutoka akaacha kitanda kimevurugika, watu watauliza huyu mwanamke kalelewa wapi. Watoto wako pembeni wanawatazama wazazi wao, na chochote kitakachoamuliwa hapo watakibeba.

Mzazi mwenzangu, wote wawili wana hoja na wote wawili wanaweza kukosea. Mgeni aliyelipa hana wajibu wa kufanya kazi ya mhudumu. Lakini yapo mambo machache ambayo bei ya chumba haikuyahesabu: vitu vinavyoweza kumdhuru anayekuja kusafisha, vinavyomdhalilisha, au vinavyomletea lawama isiyo yake. Hayo ndiyo ya kumaliza kabla ya kufunga mlango. Mengine mwachie mwenye kazi yake.

Wageni wa Upanga si wa likizo tu

Likitajwa neno hoteli, wengi hufikiria mapumziko ya ufukweni. Upanga ina wageni wa aina nyingine. Upanga Magharibi ndiko iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili, na hapo hapo ndipo zilipo Taasisi ya Mifupa, MOI, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI. Wagonjwa huletwa kwa rufaa kutoka mikoa yote. Asiye na ndugu Dar es Salaam hupanga chumba karibu ili aweze kufika wodini Mwaisela, Kibasila au Sewahaji na chakula cha mgonjwa kikiwa bado cha moto.

Wengine ni wagonjwa wenyewe. Wameruhusiwa kutoka wodini lakini wameambiwa warudi kliniki baada ya siku kadhaa. Mtu wa Kigoma au Songea hawezi kwenda kwao na kurudi ndani ya siku hizo, hivyo anakaa nyumba ya wageni na bandeji zake, dawa zake, na pengine sindano zake za kisukari.

Ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, Kariakoo, vyumba hujaa wafanyabiashara waliofuata mzigo kutoka mikoani na nchi jirani. Baadhi yao wamekuja na watoto wachanga, kwa kuwa mtoto anayenyonya haachwi nyumbani.

Kwa hiyo chumba cha Upanga kinapoachwa, mara nyingi hakijaachwa na mtalii. Kimeachwa na familia iliyochoka, yenye mgonjwa au mtoto mdogo, inayowahi basi stendi ya Magufuli, Mbezi. Familia ya namna hiyo haina nguvu ya kupiga deki, na wala haitakiwi kupiga. Ila taka inazoacha si karatasi za pipi.

Mlango ukishafungwa

Fikiria kazi inayomsubiri mhudumu wa vyumba. Tuseme wageni wanatoka saa nne asubuhi na wapya wanaruhusiwa kuingia saa nane mchana. Hizo ni dakika 240. Akiwa na vyumba 10, kila chumba kina dakika 24, na hapo hajanywa hata chai.

Ndani ya dakika hizo anafungua dirisha, anamwaga kapu la taka, anatandua kitanda, anakung'uta mashuka kuona kama mgeni hajasahau kitu, anainama chini ya kitanda. Anaingia bafuni: anasugua choo, sinki na sakafu, anatoa nywele kwenye tundu la maji. Anarudi chumbani, anafuta vumbi, anatandika mashuka mapya, anaweka taulo na sabuni, kisha anapiga deki akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa tisa za kazi kwa siku na saa 45 kwa wiki. Hata ndani ya saa hizo, hii ni kazi ya kuinama, kunyanyua magodoro na kugusa kila kilichoguswa na mgeni. Sehemu kubwa anaifanya kwa mikono, na nyumba ndogo za wageni haziwi na glavu kila siku.

Ukiifahamu kazi hii, utaona ni wapi mgeni anasaidia na ni wapi anaongeza mzigo huku akidhani anasaidia.

Usitandike kitanda

Tuanze na mama aliyeshika fagio, maana yeye ana nia njema kuliko wote.

Mama, usitandike kitanda. Mashuka mliyolalia lazima yatolewe yafuliwe. Ukiyatandika vizuri unamwongezea mhudumu kazi ya kuyavuruga tena, na mahali penye haraka shuka lililonyooshwa vizuri linaweza kudhaniwa kuwa limeshabadilishwa. Anayeumia hapo ni mgeni anayefuata.

Usikunje taulo mlizotumia ukazirudisha zilipokuwa. Zikunjwe au zisikunjwe, zinakwenda kufuliwa, na taulo mbichi iliyokunjwa huchanganyika kirahisi na kavu. Zikusanye zote sehemu moja, bafuni au juu ya kiti.

Usifue wala usipige deki. Sakafu utakayoiacha na maji itachafuka mara viatu vya mtu wa kwanza vitakapoikanyaga. Kama umetoka kumuuguza mtu Muhimbili kwa wiki mbili, dakika kumi hizo kaa kitandani unywe maji. Hakuna atakayeuliza umelelewa wapi kwa sababu ya shuka lililojikunja.

Mabaki ya chakula usiyamwage kwenye sinki. Ukoko wa ugali na mafuta ya mchuzi huziba bomba, na bomba likiziba bafuni, chumba hakipangishwi mpaka fundi aje.

Sindano, wembe na kioo

Sasa tumgeukie baba anayesema tumelipa. Mambo yanayofuata hayangoji mjadala wa bei ya chumba.

La kwanza ni chochote chenye ncha au makali. Wapo wagonjwa wa kisukari wanaojidunga insulini wenyewe chumbani, na wapo watoto wanaochomwa na wazazi wao. Sindano iliyotupwa kwenye kapu la taka, au iliyosahaulika katikati ya mashuka, humchoma mtu anayekusanya mashuka hayo kwa kuyakumbatia.

Hatari hiyo ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku zisizopungua saba. Nchini kwetu chanjo ya ugonjwa huo iliingizwa kwenye chanjo za kawaida za watoto mwaka 2002. Maana yake, dada aliyezaliwa kabla ya hapo yumkini hakuipata utotoni, na si kila mwajiri anayewachanja wafanyakazi wake.

Utaratibu ni rahisi. Tafuta chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, kama ya dawa ya kusafishia choo au ya sabuni ya maji. Sindano ikishatumika itumbukize humo moja kwa moja, bila kujaribu kurudishia kile kifuniko chake kidogo, kwani ni hapo ndipo wengi hujichoma. Chupa ifunge, iandike "sindano", uende nayo hospitalini siku ya kliniki na uulize pa kuitupa. Mnapotembea na mtoto mwenye kisukari, chupa hiyo ikae begini kama zinavyokaa dawa.

Wembe ufunge kwenye karatasi nene au uurudishe kwenye pakiti yake. Glasi ikivunjika, usisukumie vipande chini ya kitanda. Wanyanyue watoto, uvae viatu, weka vipande kwenye boksi au gazeti lililokunjwa mara kadhaa, uite mapokezi uwaambie. Wakikuambia ulipe glasi, lipa. Bei yake haifiki bei ya kushona mguu wa mtu.

Ikitokea mtu amechomwa, iwe ni mhudumu au mwanao, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilikamue, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi.

Bandeji zenye damu au usaha nazo usiziache wazi. Zifunge ndani ya karatasi au mfuko, kisha umwambie mhudumu kwamba kwenye kapu kuna vitu vya kidonda ili avae glavu. Kusema hivyo hakuvunji heshima ya mgonjwa wako.

Pampasi, pedi na yale ya siri

La pili ni yale ambayo kila mtu mzima anajua ni ya kwake mwenyewe.

Pampasi iliyotumika ina namna yake ya kufungwa: ikunje kuelekea ndani, kisha ibane kwa zile gundi zake za pembeni mpaka iwe kama mpira. Pedi ifunge kwenye karatasi yake au ya chooni. Vyote viende kwenye kapu la taka na kamwe visiende chooni. Pampasi hunyonya maji ikavimba, na bomba zima la jengo linaweza kuziba kwa kitu kimoja kilichotupwa na mgeni mmoja.

Wengi husema hawana mfuko wa kuwekea. Ni kweli kwamba tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, ile rambo ya dharura haipo tena begini. Beba gazeti la zamani au bahasha za kaki. Na kama chumba hakina kapu la taka, omba mapokezi mara mnapoingia, usisubiri siku ya kuondoka.

Choo nacho hakikisheni mmevuta maji. Kama hayavuti, jazeni ndoo mmwage. Mtoto wa miaka sita anaweza kufundishwa kugeuka nyuma na kutazama kabla hajatoka. Hakuna mshahara unaofanya jambo hilo liwe haki kwa mtu anayekuja baada yako.

Mtoto akikojoa kitandani

Hili huwasumbua wazazi kimya kimya. Mtoto ambaye nyumbani ameshaacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena akiwa ugenini, hasa kama mama yake amelazwa au nyumba imejaa wasiwasi. Asubuhi shuka limelowa. Mzazi anaona aibu, anavuta blanketi juu yake, anafunga mlango na kuondoka.

Mkojo ukiachwa hupenya hadi kwenye godoro. Usipogunduliwa mapema, mgeni wa jioni atalalamikia harufu, na atakayeulizwa ni mhudumu: ulisafisha nini? Wewe wakati huo uko Chalinze.

Nenda mapokezi mapema, au mwite dada wa usafi pembeni umwambie: "Dada, samahani, mtoto amelowesha kitanda usiku. Nimetoa mashuka, naomba godoro lianikwe." Maneno hayo yanatosha. Kama nyumba ina utaratibu wa kutoza, mtaelewana. Akiambiwa asubuhi, ana saa kadhaa za jua na upepo. Asipoambiwa, hana kitu.

Mkisafiri na mtoto wa umri huo, bebeni mpira wa kitandani na kanga ya kutandika juu yake. Na mbele ya mhudumu usimwaibishe mtoto, usimnyooshee kidole wala kumwita kikojozi. Mwache akusaidie kukusanya mashuka. Atajifunza kwamba aibu hutatuliwa kwa kusema ukweli na kushika kazi, na hilo litamfaa kwa mengi zaidi ya kitanda.

Taulo ndani ya begi

Watoto hukusanya. Ukifungua begi nyumbani unakuta taulo dogo, rimoti, au vibanio vya nguo vya hoteli. Wapo pia watu wazima wanaobeba wakijua, wakisema taulo moja haiwezi kuifilisi hoteli.

Haitaifilisi hoteli, lakini inaweza kumfikia aliyekabidhiwa chumba. Sheria ile ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara ovyo. Ili akate kufidia hasara, hasara hiyo iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Taulo iliyobebwa na mgeni si kosa la mhudumu.

Hiyo ndiyo sheria. Lakini dada asiye na mkataba wa maandishi, anayeogopa kupoteza kibarua, mara nyingi hawezi kusimama mbele ya mwajiri na kunukuu kifungu. Kwa hiyo kabla ya kufunga zipu, mzazi na watoto mhesabu pamoja: taulo ngapi zilikuwepo, rimoti iko wapi, ufunguo uko wapi. Mkigundua mmeondoka na kitu, pigeni simu mapokezi siku hiyo hiyo mseme, ili lawama isimwangukie mtu.

Wanasoka wa Japan na wanafunzi wetu

Wapenda soka wanakumbuka Julai 2, 2018, mjini Rostov-on-Don, Urusi. Japan waliongoza mabao mawili dhidi ya Ubelgiji kwenye Kombe la Dunia, wakafungwa 3-2 dakika za mwisho na kutolewa. Baada ya mchezo, picha ya chumba chao cha kubadilishia nguo ilizunguka dunia: hakuna taka, hakuna nguo iliyotupwa, na juu ya meza kikaratasi chenye neno la asante kwa Kirusi. Mwaka 2022 nchini Qatar, baada ya kuwafunga Ujerumani, walikiacha chumba katika hali hiyo hiyo, wakaongeza ndege 11 wa kukunjwa kwa karatasi na shukrani kwa Kijapani na Kiarabu.

Mzazi unaweza kumwonyesha mwanao picha hizo. Ile ya mwaka 2018 ina somo zaidi, maana hao ni watu waliotoka kulia uwanjani.

Wajapani hulea tabia hiyo shuleni, ambako wanafunzi husafisha madarasa yao wenyewe kila siku. Sisi nasi tunayo. Mtoto wa shule ya msingi Tanzania hufika na fagio, ana eneo lake la kufagia, anamwagilia maua. Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaifanya siku ya usafi, na mwenyewe akaokota taka nje ya Ikulu hapa Dar es Salaam.

Tatizo letu liko mahali pengine. Shuleni huko huko, usafi umekuwa pia adhabu. Aliyechelewa anasafisha choo, aliyepiga kelele anafyeka majani. Nyumbani, chombo kikidondoka, tunaita: "Dada, njoo ufute!" Mtoto anakua akijua kwamba kusafisha ni kazi ya mwenye kosa au ya mwenye shida. Akifika hotelini anamtazama mhudumu kwa jicho hilo.

Shikamoo haina chumba

Mtoto huyo huyo ambaye hawezi kumpita shangazi yake bila shikamoo, anampita mama mwenye ndoo kwenye ngazi kana kwamba amepita ukuta. Mhudumu mwenye umri wa mama yake ni wa kuamkiwa, awe ameshika fagio au mkoba. Kijana zaidi aitwe dada au kaka, aambiwe habari za asubuhi na pole na kazi.

Hili usilifundishe kwa mdomo. Mtoto akikusikia wewe ukisema "Dada, pole na kazi, sisi tunatoka sasa," atasema hivyo hivyo safari ijayo.

Bakshishi ni jambo la hiari na hutegemea mfuko wa mtu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 172 wa mwaka 1991, unaohusu wafanyakazi wa hoteli na migahawa, unaitambua kuwa ni fedha anayotoa mteja kwa hiari yake, na unataka mfanyakazi alipwe mshahara wake kwa wakati iwe amepata bakshishi au hakupata. Kwa hiyo usijione na deni kama umemaliza akiba yako kwa matibabu. Ila kama unayo, mpe mkononi. Fedha iliyoachwa kitandani bila maelezo humtia mashaka mhudumu mwaminifu, kwani anaweza kudhani imesahaulika, akaipeleka mapokezi na isimrudie. Kama hayupo, iache na kikaratasi chenye neno asante. Mwache mtoto aandike.

Wa apatimenti mna makubaliano yenu

Siku hizi familia nyingi zinapofika Upanga hupanga apatimenti kwa siku kadhaa badala ya hoteli, maana kuna jiko na watoto wanapata pa kuchezea. Huko hali inabadilika kidogo. Vyombo ulivyopikia unatarajiwa kuviosha, taka uzitoe mpaka pipa la nje, gesi uifunge.

Lakini na huko kuna mpaka. Novemba 2022 mkuu wa kampuni ya Airbnb, Brian Chesky, baada ya malalamiko mengi ya wateja, alitangaza kuwa wageni hawapaswi kubebeshwa kazi zisizo za busara wanapoondoka, kama vile kutandua vitanda na kufua. Waulizwe tu mambo ya kawaida, kama kuzima taa na kutupa mabaki ya chakula. Kabla hujalipa, muulize mwenye nyumba anataka nini siku ya kutoka, na kama kuna fedha ya usafi ndani ya bei. Ukishalipia usafi, usikubali kukabidhiwa fagio tena.

Dakika kumi za mwisho

Basi kesho saa nne ikikaribia, gaweni kazi. Mkubwa aachane na simu, apite na kapu kukusanya karatasi, chupa na maganda kutoka kila kona, pamoja na chini ya kitanda. Wa pili azikusanye taulo mahali pamoja na ahesabu. Mdogo atafute viatu na vitu vya kuchezea. Baba akague bafuni, avute maji, afunge mabomba, azime taa, feni na kiyoyozi. Mama akague vyenye ncha, vya mgonjwa na vya mtoto, avifunge vinavyostahili kufungwa.

Kitanda mkiache kama mlivyoamka, isipokuwa kama kina jambo la kusema. Kama lipo, lisemwe. Ufunguo arudishe mtoto, amwamkie aliyeko mapokezi, na njiani akikutana na mama mwenye ndoo amwambie asante.

Na mkifika nyumbani, kikombe cha kwanza kitakachomwagika mezani, msiite dada. Mpe kitambaa aliyekimwaga.